Bibi Anafurahi Wajukuu Wakija

Katika vijiji vya Bukoba na Muleba nyumba nyingi zimejengwa ndani ya kibanja. Migomba imezunguka pande zote, na mibuni imesimama kati ya migomba. Mtu aliye ndani ya nyumba hamwoni mgeni akiwa mbali. Anamsikia. Kwanza husikia majani makavu ya migomba yakikanyagwa, kisha husikia sauti. Bibi aliyezoea kukaa peke yake anazijua hatua hizo zote. Anajua hatua za jirani, anajua hatua za mbuzi aliyekata kamba, na anajua hatua za mjukuu wake.

Ukitaka kuijua furaha ya bibi, mtazame siku anapopata habari kwamba wajukuu wanakuja. Siku hiyo hasemi tena kwamba mgongo unauma. Hufagia uwanja. Hutafuta nyasi za kutandika sakafuni, maana kwa Wahaya nyumba ya kupokea wageni hutandikwa nyasi, hasa wakati wa Krismasi na sikukuu nyingine. Hutembea kibanjani akitazama juu, akichagua mkungu uliokomaa. Ndizi zitamenywa na kupikwa pamoja na maharage, au na samaki kama amepatikana. Tena atatafuta kahawa ya kutafuna.

Kahawa hiyo si ya kunywa. Ni buni zilizochumwa kabla ya kuiva, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha zikakaushwa. Wahaya huiita akamwani. Mgeni akiingia hupewa kabla ya chakula. Zamani watu wawili wakitaka kufanya udugu wa damu walitumia buni mbili zilizotoka katika ganda moja. Kwa hiyo bibi anapokunyoshea kikapu kidogo cha kahawa, usiseme, "Mimi sitafuni." Chukua hata moja.

Katika somo hili tutazungumza habari za bibi na wajukuu wake. Huenda wewe unayesoma ni bibi. Huenda wewe ni mama ambaye watoto wako wako kwa bibi yao. Huenda ulilelewa na bibi, na sasa unaishi mbali. Kila mmoja ana neno lake hapa.

KULEA MARA YA PILI

Zamani mtoto alipelekwa kwa bibi ili amsaidie kazi ndogo. Alichota maji, alichanja kuni, alichunga mbuzi. Bibi naye alimfundisha adabu, hadithi na majina ya ukoo. Walitaniana pia. Bibi alimwita mjukuu wa kiume "mume wangu", naye mjukuu alimwambia bibi kwamba hawezi kuoa mke asiye na meno. Mzazi alipotaka kumchapa mtoto, mtoto alikimbilia kwa bibi, na bibi alisema hajamwona. Kazi hiyo ya ubibi ilikuwa nyepesi. Ilikuwa nyepesi kwa sababu baba na mama walikuwapo.

Baadaye mambo yalibadilika, na mkoa wa Kagera ulipata mzigo mkubwa kuliko mikoa mingi. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini kutoka Uganda, yakaikalia nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Watu walikimbia na watoto mgongoni. Vita vilikwisha mwaka 1979. Mwaka huohuo mkoa, ambao ulikuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ulipewa jina la Kagera.

Kisha ukaja ugonjwa. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera. Wakati ule watu hawakujua ni ugonjwa gani. Wengine walisema ni uchawi. Mwaka 1987 watafiti walipima watu wazima mjini Bukoba. Katika kila watu 100 waliopimwa, watu 24 walikuwa na virusi. Hebu fikiri maana yake. Katika darasa la watu wazima 25, watu sita walikuwa na ugonjwa usio na dawa.

Waliokufa wengi hawakuwa wazee. Walikuwa vijana wenye nguvu, wenye watoto wadogo. Wengine walikuwa wakifanya kazi Mwanza, Dar es Salaam au Kampala, wakarudishwa nyumbani wagonjwa ili mama zao wawauguze. Bibi alimwuguza mwanawe, akamzika. Akamwuguza mkwewe, akamzika. Kisha akatazama nyuma akaona watoto watatu au wanne wamekaa juu ya mkeka wanamngoja apike.

Tangu Oktoba 2004 dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilianza kutolewa bila malipo katika Tanzania. Mgonjwa anayetumia dawa kila siku anaishi, analima na kulea watoto wake mwenyewe. Hilo ni jambo kubwa sana. Lakini kabla ya dawa hizo kufika, mabibi wa Kagera walikwisha lea kizazi kizima. Mtoto aliyechukuliwa na bibi mwaka 1990 akiwa na miaka mitano, sasa amepita miaka 40. Ana kazi yake na watoto wake. Ndiye huyo anayengojwa kibanjani. Na kama bibi amekwisha kufa, hapana shaka kuna shangazi au bibi mdogo aliyesaidia kumlea, naye bado anangoja.

CHUMVI, SABUNI NA VIATU

Nshamba ni kijiji cha wilaya ya Muleba, juu ya milima, katikati ya migomba. Mwaka 2003 lilianzishwa hapo shirika linaloitwa Kwa Wazee. Mwanzilishi wake, Kurt Madörin, alitoka Uswisi. Alikuwa akifanya kazi na watoto yatima wa Nshamba tangu miaka ya 1990. Yatima wenyewe waliunda umoja wao, wakauita Vijana Simama Imara, wakachagua viongozi kutoka miongoni mwao.

Watu waliofanya kazi na watoto hao waliona jambo moja. Ukimwuliza yatima anakaa na nani, mara nyingi hujibu, "Nakaa na bibi." Na ukienda kumtazama bibi, unaona hana kitu. Basi huwezi kumsaidia mtoto ukampita bibi mlangoni.

Shirika likaanza kuwapa wazee fedha kidogo kila mwezi. Katika miaka ya mwanzo mzee alipata shs. 6,000, na nyongeza ya shs. 3,000 kwa kila mtoto anayemlea. Watu wengine walikuwa na mashaka. Walisema wazee watapoteza fedha, watoto wao watawanyang'anya, au watazinywea pombe. Lakini walipofuatilia waliona wazee wananunua chumvi. Wananunua sabuni. Wananunua viatu vya shule. Ripoti ya uchunguzi huo ilitolewa mwaka 2008, na vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyopewa kuwa jina la ripoti.

Labda unasema chumvi ni kitu gani? Mtu anayesema hivyo hajawahi kukosa chumvi. Bibi mwenye kibanja hakosi ndizi kabisa. Anaweza kushiba. Lakini ndizi hazinunui sabuni, na mtoto asiye na sabuni huchekwa shuleni mpaka aache kwenda. Bibi asiye na chumvi humtuma mtoto kwa jirani kuomba. Leo jirani hutoa. Wiki ijayo hutoa. Mwezi ujao jirani humwona mtoto huyo akija, akaingia ndani kufunga mlango. Shs. 6,000 ziliondoa aibu hiyo. Bibi aliyekuwa mwombaji akawa mtu wa kuazimwa.

Zanzibar walikwenda mbele zaidi. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kumlipa pensheni kila mzee aliyefikia miaka 70, awe tajiri au maskini, awe alifanya kazi ya mshahara au alilima maisha yake yote. Malipo yalianza kwa shs. 20,000 kwa mwezi.

BIBI SI GHALA LA WATOTO

Hapa inafaa tuseme wazi. Si kila mtoto anayekaa kwa bibi ni yatima. Wengine wana baba na mama walio hai, wenye afya, wanaoishi mjini. Walizaa, wakaona malezi yanawasumbua, wakamleta mtoto kijijini na mfuko mmoja wa nguo. Wakasema, "Mama, tutakutumia fedha." Mwezi wa kwanza walituma. Mwezi wa pili walipiga simu. Baada ya hapo hata simu hapana. Mwaka wa pili wakaleta mtoto mwingine.

Bibi hawezi kukataa. Moyo wake haumruhusu, na watu wanaomletea watoto wanalijua hilo. Lakini mwanamke wa miaka 70 hana nguvu za kukimbizana na mtoto wa miaka mitatu. Usiku mtoto akishikwa na homa, nani atambeba mpaka zahanati? Na akiwa msichana wa miaka 14, nani atakwenda kuuliza kwa nini amechelewa kurudi?

Mzazi anayemleta mtoto kwa bibi akae naye siku mbili au tatu kwanza. Ahesabu maji yanayotumika kwa siku moja, aende yeye mwenyewe kisimani kuyachota. Ataelewa. Kisha wakubaliane mbele ya mtu wa tatu ni fedha ngapi zitakuja kila mwezi, ni nani atalipa vifaa vya shule, na mtoto atarudi lini kwa wazazi wake. Waandike. Sasa mnajua kuandika.

MJUKUU MWENYE KUFIKIRI

Mabibi wanapozungumza kisimani au baada ya ibada, husifu wajukuu wao. Utasikia mmoja anasema, "Wangu aliniletea khanga." Mwingine anasema, "Wangu alinitazama miguu." Ukisikiliza vizuri, utaona huyu wa pili ndiye anayesikilizwa zaidi.

Kumtazama bibi miguu maana yake nini? Wazee wengi wanasumbuliwa na funza. Macho hayaoni vizuri, mgongo hauinami, kwa hiyo funza huingia na kukaa. Mjukuu anayefikiri huosha miguu ya bibi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Hutoa funza kwa pini mpya au iliyochemshwa, hupaka dawa, na huuliza viatu viko wapi. Kama sakafu ni ya vumbi, huimwagia maji na kuisiriba.

Vile vile hutazama macho. Bibi akishindwa kuchambua maharage, akigonga kikombe anapotaka kukishika, huenda ana mtoto wa jicho. Wazee wengi hudhani ni uzee tu. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mdogo, na mtu huona tena. Kuna bibi ambaye hajawahi kuuona uso wa kitukuu chake, na shida ni kwamba hakuna aliyempeleka hospitali. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kwamba mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Uliza ofisi ya kijiji utaratibu wa sasa ni upi, na karatasi zinazotakiwa ni zipi, kabla hujambeba bibi kwenye pikipiki.

Kama bibi anatumia dawa za shinikizo la damu, hesabu vidonge vilivyobaki. Usimwulize tu, "Unakunywa dawa?" Atasema ndiyo. Bibi hapendi kukusumbua.

Halafu toka nje, ingia kibanjani. Mwezi Januari 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana kwa mara ya kwanza katika Tanzania, na ulionekana wilaya ya Muleba. Tangu hapo umeharibu vibanja vingi. Majani hunyauka. Ndizi huiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani zina rangi ya kutu. Ukikata mgomba, hutoka utomvu wa njano. Ugonjwa huu huletwa na wadudu wanaotua kwenye ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, na pia huletwa na panga lililokata mgomba mgonjwa.

Dawa ya kunyunyiza hakuna, lakini kazi ya kufanya ipo. Mkungu ukishatoa vichana vyote, livunje lile ua kwa kijiti chenye panda. Usitumie kisu. Migomba ni mirefu na shingo ya bibi haipindi tena, kwa hiyo kazi hii ni yako wewe mjukuu. Mgomba mgonjwa uukate na kuuondoa. Panga ulipitishe katika moto, au ulioshe kwa dawa ya kuulia vijidudu kama Jik, kabla ya kukata mgomba mwingine. Usichukue machipukizi kutoka kibanja usichokijua. Mjukuu akifanya kazi hii asubuhi mbili tu, amempa bibi chakula cha mwaka. Khanga nayo ni nzuri. Mpe vyote viwili kama unaweza.

BIBI ALIYEUZA SHAMBA

Sasa tuangalie jambo linalotokea mzee anapokosa mtu wa kumwangalia. Jambo hili lilitokea Muleba, na limeandikwa katika vitabu vya sheria.

Mwanamke mmoja alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake. Baba alikuwa ameandika wosia halali. Mwanamke huyo akazeeka, na hakuwa na mtu wa kumtunza. Basi tarehe 24 Agosti 1988 akaliuza shamba kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shs. 300,000. Ndugu wa ukoo wake akaenda mbio Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Akasema mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Kwa mujibu wa mila zilizoandikwa mwaka 1963, kweli ilikuwa hivyo. Mwanamke aliweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini asiiuze. Mwanamume aliweza kuiuza.

Mahakama ya Mwanzo ilimpa ushindi ndugu huyo. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikabadili hukumu. Kesi ikafika Mahakama Kuu, Mwanza. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya alitoa hukumu. Alisema Katiba ya nchi inakataza ubaguzi, na mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi aliyorithi. Wanasheria wanaiita kesi ya Ephrahim na Pastory. Inasomwa katika vyuo vikuu vya nchi nyingi. Baadaye, mwaka 1999, Bunge lilipitisha sheria mbili za ardhi, nazo zikatamka kwamba mwanamke ana haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume.

Wanasheria huitazama haki ya mwanamke katika kesi hiyo, nao wana sababu. Lakini sisi tunaosoma hapa kijijini tutazame pia mwanzo wake. Yule ndugu aliijua njia ya kwenda mahakamani. Je, njia ya kwenda kwa yule mama, kabla hajauza, aliijua? Ukoo unaomkumbuka bibi siku ya kugawa kibanja tu hauna haki ya kushangaa. Jadilianeni jambo hili darasani. Nina hakika hamtakubaliana wote, na si vibaya.

SAFARI YA KWENDA KWA BIBI

Kusema kweli, Kagera ni mbali. Mtu anayekaa Dar es Salaam hutumia fedha nyingi na muda mwingi kufika Bukoba. Lakini njia zimekuwa bora kuliko zamani. Meli ya MV Victoria ilirudi kufanya safari za Mwanza na Bukoba mwezi Agosti 2020, baada ya kutengenezwa. Mwezi Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, juu ya ghuba ya ziwa. Kabla ya hapo magari yalipanga foleni kungoja kivuko, wakati mwingine saa nyingi.

Mabibi wa Kagera hawalisahau ziwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikitoka Bukoba. Mamia ya watu walikufa. Karibu kila kijiji kina mtu aliyefiwa. Kwa hiyo bibi anapokuambia, "Ukifika unijulishe," usidhani ni maneno ya kuagana tu. Hatalala mpaka ajue.

Kabla ya kuja, toa habari. Wako wajukuu wanaopenda kumshtusha bibi. Wanafika ghafla saa mbili usiku, watu wanane, na bibi amekwisha kula kiazi chake akalala. Furaha inakuja, ndiyo, lakini na aibu inakuja pamoja nayo, maana hana cha kuwapikia. Mpe siku mbili za kujitayarisha. Zile siku mbili za kungoja zenyewe ni furaha. Atawaambia majirani wote.

Ukifika, mwamkie kwa heshima ya kwao. Kwa Wahaya mtoto hupiga magoti. Watoto waliozaliwa mjini hawajui Kihaya, na bibi wengine Kiswahili chao ni kidogo. Wafundishe watoto maneno machache ndani ya basi. Mtoto wa Dar es Salaam akisema "Wakola waitu" baada ya kupewa ndizi, bibi atalisimulia jambo hilo mwaka mzima.

Kisha kaa. Usikae na simu. Wageni wengine hufika kwa bibi, wakasalimia, wakaweka kilo mbili za sukari mezani, wakaanza kutazama simu kana kwamba bibi ndiye aliyekuja kuwatembelea. Mwulize mambo. Mwulize jina la baba ya babu yako. Mwulize vita vya 1978 alikuwa wapi. Mwulize alikuwa akipanda nini kule rweya, kwenye nyasi nje ya vibanja, ambako wanawake walilima njugu mawe. Kama ni msimu wa senene, mwezi wa Novemba au Desemba, nendeni pamoja kuzikamata. Atakuambia kwamba zamani wanawake walizikamata na kuzikaanga lakini walikatazwa kuzila. Mwulize kama kweli hakuonja hata moja. Utamwona anavyocheka.

Siku ya kuondoka bibi atakupa mkungu wa ndizi. Labda atakupa na maharage, na kahawa iliyofungwa katika majani. Wewe utatazama mzigo, utafikiri habari za basi na kondakta. Usiukatae mkungu. Bibi amepokea sukari yako, sabuni yako na khanga yako, na sasa ni zamu yake. Ukikataa, umemfanya ombaomba nyumbani kwake. Beba. Ukilipa nauli ya mzigo, lipa.

UJUMBE WA SIMU

Miaka ya nyuma mjukuu aliandika barua. Bibi asiyejua kusoma aliipeleka kwa mtoto wa jirani asomewe, na jioni kijiji kizima kilijua kwamba zimetumwa shs. 500. Ndiyo sababu moja iliyowafanya wanawake wengi wajiunge na madarasa ya kisomo. Walitaka kusoma barua zao wenyewe.

Siku hizi barua ni chache. Fedha huja kwa simu. M-Pesa ilianza katika Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ina huduma kama hiyo. Lakini shida ni ileile. Bibi asiyejua kusoma humpa kijana simu yake na namba yake ya siri. Kijana anasema, "Bibi, zimekuja 20,000." Kumbe ujumbe unasema 30,000.

Kwa hiyo jifunze kusoma ujumbe huo mwenyewe. Tafuta tarakimu kwanza. Ni kiasi gani kimeingia? Kisha tafuta jina. Nani ametuma? Kisha tazama salio. Namba ya siri usimpe mtu, hata mjukuu unayempenda kuliko wote. Kwa wakala, iandike wewe mwenyewe na uifunike kwa mkono.

Wako pia matapeli. Watakuandikia, "Ile fedha tuma kwenye namba hii." Au watapiga simu waseme, "Bibi, mimi mjukuu wako, nimepata ajali, tuma haraka." Sauti ya mtu anayelia haitambulikani vizuri. Usitume. Kata simu, kisha piga wewe mwenyewe namba ya mjukuu unayoijua. Au mwulize jambo ambalo mjukuu wako tu ndiye anayelijua, kama vile jina la mbuzi aliyemwangusha alipokuwa mdogo. Mjukuu mwenye kufikiri hatakasirika kuulizwa. Mnaweza kupatana swali hilo mapema, siku anapokuja kukutembelea.

Siku hiyohiyo mwambie akuandikie namba za simu za wajukuu wote kwenye karatasi nene, kwa tarakimu kubwa, aibandike ukutani mahali penye mwanga. Kando ya kila namba aandike jina. Simu ikipotea, namba zitabaki.

Na wewe jizoeze kujibu. Si lazima maneno yawe mengi. Mjukuu akiandika, "Bibi nimefika salama Mwanza, watoto wanakusalimia," tafuta herufi moja moja, usione haya kuchukua nusu saa. Andika: NASHUKURU. KIBANJA KIZURI. MUJE KRISMASI.